Taa ya kuongozea mashua gizani: mwongozo kamili kwa bichi za Ziwa Victoria

Usiku usio na mwezi katika Ghuba ya Winam, taa ni nyingi mno. Karabai na taa za sola za wavuvi wa omena zimetapakaa juu ya maji. Nchi kavu kuna mulika mwizi za masokoni, taa nyekundu juu ya minara ya simu, balbu za vibanda vya samaki na pikipiki zinazopita barabarani. Nahodha anayetafuta bichi yake katikati ya haya yote anahitaji taa moja anayoijua kwa tabia yake, inayowaka palepale kila usiku. Hiyo ndiyo kazi ya mnara wa taa, uwe jengo la mawe kwenye mwamba baharini au bomba la chuma la mita saba pembeni mwa Dunga, Asembo Bay au Luanda Kotieno.

Mwongozo huu unahusu hilo bomba la chuma: kulipangia, kulisimika, kulipima na kulitunza. Umeandikwa kwa kamati za BMU (Beach Management Unit, kikundi kinachosimamia bichi), wenye mashua, na mafundi wanaoitwa kufanya kazi hii.

Ruhusa kwanza

Taa ya kuongozea vyombo haiwi ya bichi peke yake. Nahodha wa Kendu Bay, au wa upande wa Uganda aliyesukumwa na dhoruba, akiiona ataisoma kwa kanuni anazozijua yeye. Kwa hiyo kamati ijadili jambo hili mbele ya wanachama, iandike kumbukumbu za mkutano, kisha iandikie Kenya Maritime Authority (KMA) ikitaja mahali kwa vipimo vya GPS, urefu, rangi na mpangilio wa kuwaka mnaoupendekeza. Kaunti na ofisi ya uvuvi zipate nakala. Bichi zilizo karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, kama Usoma, ziombe pia idhini ya Kenya Civil Aviation Authority, kwa sababu nguzo ndefu na taa inayowaka na kuzimika karibu na njia ya ndege ni jambo la usalama wa anga. Kama kuna gati la meli jirani, ulizeni taa zake zinawakaje ili yenu isifanane nazo.

Msinunue kitu chochote kabla mpangilio wa kuwaka haujakubaliwa. Taa nyingi za bei nafuu zina mpangilio mmoja tu usiobadilika.

Mahali huchaguliwa kutoka majini

Kosa la kawaida ni kusimama bichini na kuuliza nguzo itapendeza wapi. Chukueni mashua mchana, nendeni kilomita mbili ndani, mtazame nyuma. Angalieni mikaratusi, mafunjo na mapaa ya mabati yanayoziba. Rudieni usiku: tazameni mahali penye kilima au giza nyuma yake. Nguzo iliyo mbele ya mulika mwizi ya soko haionekani hata ikiwa na taa kali, na hesabu yake iko hapa chini.

Watu wataelekeza pua ya mashua moja kwa moja kwenye taa, hata mkiwaambia nini. Basi wekeni taa mahali ambapo mstari ulionyooka kutoka kilindini hadi nguzoni ni salama: haupiti juu ya mawe, vizimba vya samaki, wala nyavu za kutega. Kama mahali pa namna hiyo hapapo, someni sehemu ya taa mbili za mstari.

Halafu kuna maji yenyewe. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi likamega bichi, barabara na nyumba za watu. Waulizeni wakazi maji yalifika wapi mwaka huo, pigeni kigingi hapo, na nguzo isimame juu ya kigingi hicho.

Urefu: hesabu ya mizizi ya namba

Dunia imejipinda, na taa fupi huzama nyuma ya maji hata ikiwa kali namna gani. Kanuni ya vitendo ni hii: tafuta kipeuo cha pili cha urefu wa taa kwa mita, zidisha kwa 3.8, upate kilomita. Fanya hivyohivyo kwa urefu wa jicho la nahodha, kisha jumlisha.

Urefu huhesabiwa kutoka usoni mwa maji, si kutoka ardhini. Nguzo ya mita 7 kwenye ardhi iliyo mita 2 juu ya ziwa ni taa ya mita 9. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, mara 3.8 ni kilomita 11.4. Nahodha aliyeketi jicho lake liko mita 1 juu ya maji: ongeza 3.8. Jumla ni kilomita 15 na kitu. Mkiipandisha taa hadi mita 16, mtafika kilomita 19 tu. Yaani karibu mara mbili ya chuma, waya na hatari ya upepo, kwa faida ya kilomita nne. Kwa bichi nyingi za ghuba, ambayo si pana sana, mita 8 hadi 10 zinatosha, na pesa iliyobaki iende kwenye betri nzuri.

Tabia ya taa, jambo linalozidi yote

Hapa ndipo taa nyingi za bichi hushindwa. Mtu huweka taa nyeupe ya sola inayowaka mfululizo, na kuanzia hapo imekuwa karabai nyingine kati ya karabai mia. Kuifanya kali zaidi hakusaidii, kwa kuwa karabai ya karibu huishinda nguvu taa kali ya mbali. Kinachoitenga ni mpangilio wa mwanga na giza.

Tunapendekeza nyeupe, miwako miwili kila sekunde 10: inawaka sekunde 1, giza sekunde 1, inawaka sekunde 1, giza sekunde 7. Ni rahisi kuhesabu kwa mdomo mashua ikiyumba, na hakuna mvuvi wa omena anayewasha taa yake hivyo. Bichi jirani ichukue mitatu kila sekunde 15. Mipangilio miwili inayofanana isikaribiane kiasi cha kuonekana kwa pamoja.

Msitumie nyekundu peke yake, itachanganywa na minara ya simu. Msitumie mwako wa haraka kama wa gari la polisi. Manjano ina maana yake maalumu katika kanuni za majini, kwa hiyo iacheni. Na mwako usiwe mfupi kupita kiasi: jicho linahitaji muda kupokea mwanga. Mwako wa nusu sekunde huonekana kwa karibu asilimia 70 ya nguvu yake halisi, wa sekunde moja asilimia 83, lakini ule wa sehemu ya kumi ya sekunde hushuka hadi asilimia 33. Taa ndogo za bei rahisi humeta kwa ufupi namna hiyo, na ndiyo sababu hupotea mbali hata kama kwa karibu zinaumiza macho.

Mkitaka kuweka pia taa ndogo kwenye vigingi vya mlango wa kuingilia, Kenya iko katika Eneo A la kanuni za IALA, shirika la kimataifa la taa na maboya ya kuongozea vyombo: unapoingia kutoka ziwani, nyekundu iwe kushoto kwako na kijani kulia. Video nyingi za mtandaoni zimetengenezwa Marekani, ambako ni kinyume kabisa. Fundi aliyejifunza huko ataziweka kimakosa akiwa na uhakika wote.

Nguvu ya mwanga

Nguvu ya taa ya kuongozea hupimwa kwa kandela, yaani ukali kuelekea upande mmoja. Usiku mweupe usio na ukungu na usio na taa nyingine nyuma, kandela 15 zinaonekana kilomita 5.5, na kandela 77 zinaonekana kilomita 9. Nyuma pakiwa na taa chache za kijiji, unahitaji mara kumi ya hizo. Pakiwa na mji unaong'aa, mara mia. Ndiyo maana kuombea mulika mwizi kofia ya bati inayoelekeza mwanga chini ni kazi bora kuliko kununua taa kubwa zaidi.

Balbu ya LED ya wati 10 hutoa lumeni 1,000 hivi. Ukiiacha itawanye mwanga pande zote, angani na ardhini, unabaki na kandela 80 tu. Ukiizungushia lenzi ya pete inayobana mwanga uwe bapa, nyuzi 10 kutoka juu hadi chini, wati zilezile hutoa kandela 600 hadi 700. Hii ndiyo kazi ya lenzi aliyoibuni Mfaransa Augustin Fresnel, iliyowekwa mara ya kwanza kwenye mnara wa Cordouan mwaka 1823. Leo lenzi hizo ni za plastiki ngumu na huuzwa zikiwa ndani ya taa za maboya. Nunueni taa ya namna hiyo, mwombe muuzaji karatasi inayotaja kandela, si lumeni. Akikosa kuitaja, tafuteni muuzaji mwingine.

Mwanga bapa una sharti lake: nguzo ikiinama nyuzi tano tu, upande mmoja mwanga utapiga maji ya karibu na upande wa pili utapiga mawingu. Taa isimikwe kwa pimamaji.

Sola na betri

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo usiku ni wa saa 12 mwaka mzima. Hesabuni saa 13 kwa ajili ya jioni na asubuhi zenye mawingu. Taa ya wati 10 inayowaka sekunde 2 kati ya 10 hutumia wastani wa wati 2. Mara saa 13 ni wati-saa 26. Ongezeni theluthi kwa kinachopotea kwenye kidhibiti chaji na nyaya: 34 au 35.

Betri ibebe siku nne bila jua. Hiyo ni wati-saa 140. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti, volti 12.8, huruhusu kutumiwa hadi asilimia 80, kwa hiyo ampea-saa 14 ndicho kiwango cha chini. Nunueni ya 20. Ya asidi isishushwe zaidi ya nusu, kwa hiyo ianzie ampea-saa 24, na itachoka mapema kwenye kisanduku chenye joto. Betri ya gari msiiguse. Imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, na kuimaliza kila usiku huiua kwa miezi.

Paneli ya wati 10 ingetosha kwa karatasi. Wekeni ya 40. Inafidia msimu wa mvua, vumbi na kinyesi cha ndege, na hurudisha betri baada ya siku tatu za mawingu. Iinamishwe nyuzi 10 hadi 15. Ikilala kabisa, maji ya mvua hutuama na kuacha tope. Minandi hupenda kukaa juu yake, hivyo fungeni miba ya waya kwenye ukingo wa juu.

Angalieni jinsi taa inavyotambua usiku. Nyingine hutumia paneli yenyewe kama kihisi. Mulika mwizi ikiipiga paneli, taa hudhani ni mchana na haiwaki. Geuzeni paneli isipigwe na mwanga huo, au mnunue taa yenye kihisi chake na mkigeuzie ziwani.

Nyaya ziwe za shaba, milimita za mraba 2.5, ndani ya bomba la nguzo. Betri na kidhibiti viwe ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa nguzoni kwa nati zilizochomelewa, mita tatu juu ya ardhi: juu ya mafuriko, na mbali na mkono wa mwizi. Tundu la nyaya liwe chini ya kisanduku, si juu.

Nguzo na msingi

Usalama wa mtu atakayesafisha lenzi ndio unaoamua umbo la nguzo. Nguzo ambayo mtu lazima aikwee itaacha kusafishwa baada ya mwezi wa pili. Jengeni nguzo inayolala.

Chukueni vyuma viwili vya umbo la U, upana milimita 100, urefu mita 2.2. Mita 1.2 ziingie kwenye zege na mita 1 ibaki juu, vikitazamana, nguzo ipite katikati yake. Bolti mbili za milimita 16 hupita vyote vitatu: ya juu ni bawaba, ya chini ni komeo. Ukitoa ya chini, nguzo hulala. Nguzo yenyewe ni bomba la mabati la inchi 3, mita 6, na juu yake kipande cha inchi 2 cha mita 1.6 kilichoingizwa sentimita 60 ndani na kuchomelewa kwa bapa ili kisicheze. Jumla mita 7. Ilazeni sambamba na ufuo, si kuelekea majini, na watu wanne na kamba ndefu.

Shimo ni sentimita 70 kwa 70, kina 120. Zege ni 1:2:4. Kwa mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50: mitungi mitatu na nusu ya lita 20 ya mchanga, mitungi saba ya kokoto, maji yasizidi lita 25. Shimo hilo litakula mifuko minne. Mchanga wa bichini una tope na magamba ya konokono. Tumieni wa mtoni, au uosheni. Maji mengi hufanya zege iwe rahisi kumwaga na dhaifu milele. Funikeni kwa magunia mabichi na mnyunyizie siku saba kabla ya kusimamisha nguzo.

Upande wa Kano na Nyando udongo ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Ndani yake msingi hutikisika na nguzo huinama. Chimbeni mpaka mpate udongo mgumu. Msipoufikia, panueni shimo hadi mita 1 na mshindilie murram pande zote za zege.

Kebo tatu za chuma za milimita 6 zishike nguzo kwenye mita 5 kutoka chini, zikiachana sawasawa, na nanga zake ziwe mita 3 au zaidi kutoka nguzoni. Zivisheni bomba jeupe sehemu ya chini ili mtoto au mbeba samaki asijikwae. Vyuma vya juu vipakwe rangi nyeupe, na ubao mpana mweupe ufungwe karibu na kilele: mchana nao nguzo inaongoza.

Radi si jambo la kupuuza katika nyanda hizi. Fimbo ya shaba ipite nusu mita juu ya taa, iunganishwe kwa waya mnene wa shaba usio na kona kali hadi kwenye vyuma viwili vya ardhini vya mita 1.5, vilivyopigwa upande wa udongo wenye unyevu.

Taa mbili za mstari

Pale ambapo njia salama ni nyembamba, kwa mfano kati ya mawe na mafunjo, taa moja haitoshi. Simikeni mbili katika mstari wa njia yenyewe: ya mbele, karibu na maji, mita 4, ya nyuma mita 8, umbali wa mita 100 kutoka ya kwanza. Nahodha akiziona moja juu ya nyingine, yuko njiani. Akiona ya chini imehamia kushoto, amesogea kulia, basi apinde kushoto. Kanuni ya kuwafundisha wote: fuata taa ya chini.

Kwa vipimo hivyo, akiwa kilomita moja na amepotoka mita 20, taa zitaachana kiasi ambacho jicho makini linakitambua. Mkizikaribisha hadi ziwe mita 50 tu kutoka moja hadi nyingine, mwachano huo unaoonyesha kosa hupungua nusu. Zote mbili zitumie mpangilio mmoja, na ziwake kwa wakati mmoja. Bila hivyo nahodha atakuwa akiona moja wakati nyingine iko gizani.

Majaribio

Jaribuni mara mbili: usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi. Nendeni kilomita 1, 3, 5 na 8 kwa GPS ya simu, na kila mahali mtu ambaye hakuambiwa mpangilio ahesabu mwenyewe kwa saa. Akikosea, tafuteni sababu kabla ya kumlaumu. Msifanye majaribio Aprili hadi Julai peke yake, wakati uvuvi wa omena umefungwa, kwa kuwa ziwa huwa na giza lisilo la kawaida na taa yenu itaonekana bora kuliko ilivyo.

Baada ya hapo tangazeni: andikeni mpangilio kwenye ubao wa bichi, peleka ujumbe kwa BMU za jirani na ng'ambo ya ghuba, na kituo cha redio cha Kidholuo kitaje. Waelezeni pia mipaka yake. Taa haionyeshi gugu maji lililosukumwa na upepo jioni ile, na mvua kubwa huifuta kabisa hata kwa kilomita moja.

Utunzaji na ikizimika

Adui mkubwa wa lenzi hapa ni wadudu wa ziwa, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi. Huibuka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo, usiku uleule taa inapohitajika zaidi. Hufa juu ya lenzi, buibui huja kuwala, na baada ya wiki mbili utando na mizoga umekula mwanga mwingi bila mtu aliye bichini kugundua, kwa sababu kwa karibu taa bado inang'aa. Lazeni nguzo kila wiki, futeni kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kitambaa laini. Msitumie mchanga wala petroli: plastiki huwa na ukungu usiotoka. Kila mwezi kazeni bolti na kebo, futeni paneli, na mwandike volti ya betri alfajiri kabla jua halijapanda. Ya lithiamu ikisoma chini ya 12.8 kwa asubuhi kadhaa mfululizo, chaji haitoshi.

Mtu mmoja, mwenye jina lililoandikwa, aitazame taa kila usiku na kutia alama daftarini. Taa inayowaka siku nyingine na kukosa siku nyingine ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa maana nahodha ameacha kutumia akili aliyokuwa akiitumia zamani na anaitegemea. Ikizimika, pigeni simu kwa wenye mashua jioni hiyohiyo, andikeni ubaoni, wajulisheni jirani na KMA. Msining'inize karabai nguzoni kama mbadala: haitakuwa na mpangilio, na atakayeiona atadhani ni mvuvi.

Chunguzeni kwa utaratibu huu: fyuzi, kutu kwenye vishikizo vya betri, kihisi cha usiku kilichofunikwa au kupigwa na taa nyingine, kidhibiti chaji, na mwisho taa yenyewe. Baada ya kutengeneza, hesabuni mpangilio kwa saa kwa dakika tano kamili, kwa sababu baadhi ya taa hurudi kwenye mpangilio wa kiwandani zikikosa umeme. Ukiwa sawa, ndipo muwaambie watu imerudi.